Nani Kamwambukiza Nani?

Ukipanda basi la Idodi alfajiri pale Iringa mjini, utaanza safari umejikunyata ndani ya sweta na utaimaliza sweta likiwa mapajani. Barabara inashuka. Mahindi yanapungua, mibuyu inaongezeka, na ukifika Mlowa njia inagawanyika kuwa mbili. Zote mbili zinafika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ila moja inapitia Idodi, Mapogoro na Tungamalenga, katikati ya majaruba ya mpunga na makundi ya ng'ombe. Hiyo ndiyo njia ya sura hii.

Huku mpaka kati ya mfugo na mnyamapori unaonekana vizuri zaidi kwenye ramani kuliko ardhini. Tembo huingia mashambani usiku, fisi huzunguka mazizi. Vijiji 21 vya tarafa za Idodi na Pawaga vimetenga sehemu ya ardhi yao kuwa eneo la jumuiya la wanyamapori, MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, na eneo hilo limepakana moja kwa moja na hifadhi. Halafu kuna suala la maji. Mto Ruaha Mkuu, ambao wazee waliukuta ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Mto ukikatika yanabaki madimbwi, na dimbwi halina mwenyewe. Anayekuja kunywa asubuhi hajui aliyekunywa usiku alikuwa nani, wala alikuwa anaumwa nini.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wakiwa na Profesa Rudovick Kazwala, walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis kuanzisha mradi katika bonde hili. Waliuita HALI. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayohusu afya ya wanyama na maisha ya watu, lakini aliyekibuni bila shaka alikuwa na sikio la Kiswahili, maana swali lenyewe lilikuwa hilo: hali ikoje? Walipima ng'ombe, walichukua sampuli za wanyamapori, walichota maji, waliulizia maziwa na nani anayanywa vipi. Walikuta kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ule ugonjwa ambao wafugaji wengi wanaujua kwa kazi yake, yaani kutupa mimba. Vyote viwili vilikuwapo kwa mifugo na kwa wanyamapori. Na walipoketi na kaya za wafugaji, zaidi ya theluthi mbili ziliwaambia kwamba haziamini ugonjwa wa mtu wa nyumbani unaweza kutoka kwa mnyama.

Watu wa mjini husoma takwimu hiyo wakatikisa kichwa. Mimi naona majibu yale yalikuwa na mantiki yake. Mtu amekunywa maziwa mabichi tangu aachishwe titi, baba yake aliyanywa, babu yake aliyanywa na akafika miaka themanini. Homa ikija, inaitwa malaria. Kikohozi kisichokoma kinaitwa kifua kikuu, bila kuuliza ni kifua kikuu cha nani. Ugonjwa hauji na barua ya utambulisho.

Au tuseme hivi: barua unayo, lakini kwa miaka mingi hatukuwa na macho ya kuisoma.

*

Bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe anaitwa Mycobacterium bovis. Ndani yake kuna uzi mmoja wa DNA wenye herufi zaidi kidogo ya milioni 4.3. Alfabeti yake ina herufi nne tu, A, C, G na T, zimepangwa kwa mfululizo usio na nafasi wala nukta. Mpangilio huo wote kwa pamoja ndio jenomu. Kila bakteria anapogawanyika kuwa wawili, uzi unanakiliwa upya, na mara chache sana mnakili anakosea: panapotakiwa A anaweka G. Kosa hilo halisahihishwi. Linarithiwa na watoto na wajukuu wote.

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mtihani anaelewa kinachofuata. Wanafunzi arobaini wakiandika kwamba Mkwawa alikufa mwaka 1898, hakuna la kushuku. Ndilo jibu, na darasa zima lilifundishwa hivyo. Lakini wawili wakiandika 1889, na wote wawili wakaandika kwamba alifia Mlambalasi kwa herufi moja iliyorukwa mahali palepale, mwalimu hahitaji shahidi. Mmoja alimpiga chabo mwenzake, au wote wawili walinakili daftari moja. Jibu sahihi halimfichui mtu, ila kosa wanalochangia watu wawili linawafichua wote.

Hivyo ndivyo wanasayansi wanavyosoma ukoo wa bakteria. Wanachukua kimelea kutoka kwa ng'ombe wa boma fulani, kingine kutoka kwa nyati aliyekutwa amekufa, kingine kutoka kwenye tezi la shingo la mgonjwa hospitalini. Wanasoma herufi zote za kila kimoja, kisha wanahesabu makosa. Wawili wanaotofautiana kwa herufi mbili ni ndugu wa karibu, wametoka mnyororo mmoja wa maambukizi hivi karibuni. Wanaotofautiana kwa herufi mia mbili, babu yao wa pamoja ni wa zamani, na kukutana kwao wilaya moja hakuthibitishi kitu. Ni kama watu wawili wanaokutana mnadani wakaanza kuulizana, wewe wa nani, na baba yako ni wa wapi, wakipanda ngazi ya ukoo hadi wamfikie babu mmoja. Wakimfikia upesi, ni ndugu. Wakipanda sana kabla ya kumfikia, wanapeana mikono na kila mtu anakwenda zake.

Sayansi hii imeshawahi kugeuza hadithi kubwa. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba binadamu alipata kifua kikuu kutoka kwa ng'ombe, zamani alipoanza kufuga. Ilikuwa hadithi nzuri na iliingia akilini. Mwaka 1998 jenomu ya bakteria wa kifua kikuu cha binadamu ikasomwa yote, na mwaka 2003 ya yule wa ng'ombe. Zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.9. Lakini yule wa ng'ombe ana vipande vilivyokatika, vipande ambavyo wa binadamu bado anavyo. Kipande kilichopotea hakirudi chenyewe; mtoto hawezi kurithi kutoka kwa mzazi kitu ambacho mzazi hana. Kwa hiyo wetu hakuzaliwa na wa ng'ombe. Wote wawili wana babu mwingine, na ushahidi ulivyo sasa hauruhusu kumbebesha ng'ombe lawama ile ya kale.

Nimeisimulia kwa sababu hapa Ruaha lawama ni jambo zito.

*

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa pamoja na ng'ombe wao katika bonde la Usangu, upande wa Mbeya, kule maji ya Ruaha yanakokusanyika. Baadhi walihamishwa hadi Lindi, mamia ya kilomita. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na hifadhi ikavuka kilomita za mraba 20,000. Hoja iliyotawala wakati ule ilikuwa maji na mazingira, si bakteria. Lakini mtu aliyeona ng'ombe wakihesabiwa na kusombwa kwa malori hawezi kusikia sentensi "ng'ombe wanawaambukiza nyati" kama mtu wa maabara anavyoisikia. Kwake hiyo ni sentensi ya hukumu. Na mlinzi wa hifadhi akisikia "nyati wanawaambukiza ng'ombe", anajua kuna mtu atauliza kwa nini nyati hao wanalindwa.

Swali la nani kamwambukiza nani, kwa hiyo, halipaswi kujibiwa kwa kukisia. Na mara nyingi ndivyo linavyojibiwa. Anayeonekana kuwa mgeni ndiye anayelaumiwa.

Tazama yaliyotokea Marekani, katika eneo la Yellowstone. Kuna baisani huko, nyati wao wenye nundu, na baadhi yao wana brusela. Kwa miaka mingi, kila ng'ombe wa mfugaji alipopata brusela, kidole kilielekezwa kwa baisani. Wakitoka nje ya hifadhi wakati wa baridi walifukuzwa, wengine wakachinjwa. Mwaka 2016 kundi la watafiti likachapisha matokeo ya kusoma jenomu za brusela zilizokusanywa kwa miongo kadhaa kutoka kwa baisani, ng'ombe na elki, ambao ni jamii ya kulungu wakubwa wa huko. Mambo mawili yakajitokeza. La kwanza, ugonjwa uliingia kwa wanyamapori kutoka kwa ng'ombe, tena si chini ya mara tano. La pili, milipuko ya siku hizi kwa ng'ombe inatoka zaidi kwa elki, wala si kwa baisani. Baisani alikuwa amebeba kesi ya mtu mwingine.

Uingereza nako, katika msitu wa Woodchester, jenomu zilitumika kuamua kesi ya ng'ombe na melesi, mnyama mdogo achimbaye mashimo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba maambukizi yalikwenda pande zote mbili, lakini mara nyingi zaidi kutoka kwa melesi kwenda kwa ng'ombe, na kwamba sehemu kubwa ilibaki ndani ya kila jamii: ng'ombe kwa ng'ombe, melesi kwa melesi. Wapenzi wa melesi hawakufurahi. Lakini ndiyo maana ya kumwita shahidi: unamwita kabla hujajua atasema nini.

*

Mfano ulionivutia kuliko yote unatoka mbali, mahali ambapo sweta la Iringa lisingesaidia kitu.

Kaskazini kabisa mwa Kanada, katika Bahari ya Aktiki, kuna visiwa viwili vikubwa, Banks na Victoria. Wanaishi huko maskoksi, wanyama wa manyoya marefu yanayokaribia kuburura chini. Kwa umbo utawadhania fahali, ila kwa ukoo wako karibu zaidi na mbuzi na kondoo. Wainuiti wanawawinda kwa chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakaanza kukuta mizoga ya maskoksi waliokufa wakati wa kiangazi, wengi, wakiwa bado na mafuta mwilini, kana kwamba walianguka tu. Katika mizoga akapatikana bakteria aitwaye Erysipelothrix rhusiopathiae, ambaye madaktari wa mifugo walimfahamu zaidi kwa kuua nguruwe na bata mzinga.

Aktiki inapata joto kwa kasi, kwa hiyo dhana ilikuwa tayari: aina mpya ya kimelea imeingia kaskazini na inasambaa kutoka mnyama hadi mnyama. Watafiti, akiwamo Taya Forde aliyekuwa Chuo Kikuu cha Calgary, wakasoma jenomu za bakteria kutoka kwa maskoksi wa visiwani, wa Alaska, na wanyama wengine wa pembe wa misitu ya magharibi mwa Kanada waliokuwa nao wakipungua. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Visiwani bakteria walifanana karibu herufi kwa herufi. Lakini misituni ilikuwa vurugu: koo mbalimbali katika eneo moja, na hata ndani ya mzoga mmoja. Vifo vya kaskazini havikuwa na muuaji mmoja anayetembea. Dhana nzuri ikafa, na watafiti wakaambiwa na ushahidi wao wenyewe waende wakatafute sababu nyingine.

Forde baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Glasgow, na kazi iliyofuata ikamleta Tanzania. Alitoka kwenye barafu akaja Ngorongoro, kusoma jenomu za kimeta.

Kimeta tunakijua. Ng'ombe au nyumbu anaanguka ghafla, tumbo linafura, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani. Bakteria wake, Bacillus anthracis, ana hila ambayo kifua kikuu hakina: akikutana na hewa nje ya mwili anajifunga ndani ya gamba gumu na kulala udongoni, miaka kumi, hamsini, au zaidi. Mwaka 2016 huko Yamal, Siberia, kiangazi chenye joto kali kiliyeyusha udongo uliokuwa umeganda, kimeta kikaamka, zaidi ya reindia 2,000 wakafa na mtoto mmoja pia.

Kwa msomaji wa jenomu kimeta ni mtihani mgumu. Makosa ya kunakili hutokea bakteria anapozaliana, na huyu huzaliana ndani ya mnyama tu, siku chache, kisha analala. Wakati wote wa usingizi saa yake imesimama. Unaweza kuchukua bakteria wa mwaka jana na wa miaka arobaini iliyopita ukakuta wanafanana kama pacha. Ngorongoro kulikuwa na jambo jingine ambalo halikutarajiwa: bakteria waliotoka ndani ya mzoga mmoja hawakuwa sawa wote. Ndani ya mnyama mmoja mlikuwa na tofauti, kama vile alikula nyasi zenye zaidi ya mbegu moja ya ugonjwa. Tangu hapo, anayechukua koloni moja tu ya bakteria kutoka kwenye mzoga na kutangaza kwamba amejua ulikotoka ugonjwa, anastahili kuulizwa maswali.

*

Turudi Idodi. Tunajua nini kuhusu ukoo wa kifua kikuu cha ng'ombe katika Nyanda za Juu Kusini?

Kabla ya mashine za kusoma jenomu nzima kulikuwa na njia ya mkato: badala ya kusoma kitabu chote, unaangalia alama 43 kwenye ukurasa mmoja, ipi ipo na ipi haipo. Profesa Kazwala alifanya kazi hiyo kwa bakteria wa Tanzania, wakiwamo wa Nyanda za Juu Kusini, na mwaka 2001 alichapisha jambo ambalo lingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila zahanati ya wafugaji: bakteria wa ng'ombe alikuwa amepatikana katika mitoki ya shingoni ya wagonjwa wa Kitanzania. Mtoki wa shingoni, hasa kwa mtoto, unaweza kuwa alama ya kifua kikuu kilichoingia kwa mdomo. Maziwa.

Mwaka 2011 watafiti wa nchi kadhaa wakaweka pamoja bakteria wa Afrika Mashariki na kukuta familia moja kubwa, waliyoiita Afrika 2. Ipo Ethiopia, Uganda, Burundi na Tanzania. Alama zake namba 3 hadi 7 zote hazipo, na kuna kipande kikubwa cha DNA kilichokatika ambacho wanafamilia wote wamerithi kukosekana kwake. Ukiitazama ramani ya familia hiyo unaona njia za mifugo kuliko unavyoona mipaka ya nchi: ng'ombe wanaouzwa, wanaotolewa mahari, wanaohamishwa kutafuta malisho. Bakteria hana pasipoti lakini anapita anapopita ng'ombe.

Alama 43, hata hivyo, ni jina la ukoo tu. Zinakuambia huyu ni wa familia ya Afrika 2, kama vile kusikia jina la mtu kunavyokuambia huyu ni Mhehe au Mbena. Hazikuambii kama nyati huyu alimpa ng'ombe yule. Kwa hilo unahitaji herufi zote milioni nne, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kwa sababu ambazo hazina uhusiano na kompyuta.

Kwanza, bakteria mwenyewe ni mvivu. Yule wa kuharisha, kwenye maabara, hugawanyika kila dakika ishirini. Wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima. Ukimpanda maabara unasubiri wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi. Na makosa yake ya kunakili ni machache mno: makadirio mengi ni chini ya herufi moja kwa mwaka, hata moja kwa miaka kadhaa. Ng'ombe anaweza kumwambukiza nyati, nyati akamwambukiza ng'ombe mwingine, na bakteria wote watatu wakawa sawa herufi kwa herufi. Hapo mwalimu wa mtihani amekwama. Anajua wamenakiliana, lakini nani alianza, karatasi haisemi. Ndiyo sababu anayeahidi kwamba jenomu itamaliza ubishi wote wa Ruaha anauza dawa ya mnadani.

Pili, na hili ndilo kubwa kwa maoni yangu, shahidi husema habari za waliofikiwa tu. Ng'ombe unaweza kumfunga kamba, ukamchoma sindano ya kipimo shingoni na kurudi baada ya siku tatu kupima uvimbe. Nyati haji kupanga foleni. Inabidi apigwe risasi ya usingizi, kwa gharama na kwa hatari, au umsubiri afe, uukute mzoga kabla ya fisi na jua. Matokeo yake ni kwamba katika maeneo mengi tuna ng'ombe mia na nyati watatu. Ukisoma jenomu za hao, ng'ombe wataonekana kuwa chanzo, kwa sababu ndio waliozungumza. Swala, pofu, ngiri, kuro hawakuulizwa. Huko Yellowstone kama elki wasingepimwa, baisani angekuwa bado kizimbani.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema utafiti umeonyesha mifugo imeleta ugonjwa hifadhini, muulize: walipima wanyamapori wangapi, wa aina gani, na kwa miaka mingapi? Ukisikia anasema wanyamapori ndio wanaoua mifugo, muulize vilevile. Haya si maswali ya wataalamu peke yao. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuyauliza kwenye mkutano wa hadhara, na ana haki ya kujibiwa kwa Kiswahili.

Kusini mwa bara tunapata sababu ya kuharakisha. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kifua kikuu cha ng'ombe kiligunduliwa kwa nyati mwaka 1990, kikiwa kimeingia miaka mingi kabla kupitia mpaka wa kusini. Kilipanda kuelekea kaskazini kundi kwa kundi, na simba, wanaokula nyati, wakaanza kukonda na kufa. Ruaha ni moja ya ngome kuu za simba zilizobaki Afrika.

*

Niruhusiwe kupita pembeni kidogo, kwa nyani.

Wazee wanakumbuka buba. Vidonda vya ngozi na mifupa iliyopinda, ugonjwa wa watoto wa vijijini. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni ya penisilini iliyotibu watu milioni 50 duniani, na buba ikapungua kwa asilimia 95. Mpango wa sasa ni kuimaliza kabisa, na uliegemea imani moja: buba ni ya binadamu peke yake, haina mahali pengine pa kujificha.

Kati ya 2015 na 2017 daktari wa wanyama Idrissa Chuma na wenzake walipima nyani, tumbili na kima 289 wa spishi nane hapa Tanzania. Katika maeneo 14 waliyokwenda, 11 yalikuwa na bakteria wa buba. Waliokutwa nao ni nyani wa kijani, tumbili, kima, na nyani wa manjano, yule yule anayeruka juu ya mapaa ya kambi za Ruaha. Wengine walikuwa na vidonda vibaya sehemu za siri. Mwaka 2023 jenomu kamili kumi za bakteria wa nyani na jamii zake zikalinganishwa na tano za wagonjwa wa buba. Watafiti walitafuta tofauti ya kudumu inayotenganisha za wanyama na za watu. Hawakuipata. Hiyo haina maana kwamba nyani wanawapa watu buba. Hakuna aliyeonyesha hivyo. Ina maana kwamba kuta tulizodhani zipo hazionekani kwenye herufi.

*

Mashine za kusoma jenomu zimekuwa ndogo. Ipo inayoingia mfukoni na kuchomekwa kwenye kompyuta mpakato. Tanzania ina wataalamu wa kuzitumia, Morogoro, Moshi na Dar es Salaam. Kinachokosekana mara nyingi si mashine. Ni mzoga ulioonekana mapema, barafu ya kubebea sampuli, gari lenye mafuta, na mtu wa kijijini anayeamini kwamba akitoa taarifa hataadhibiwa kwa kuwa na ng'ombe mahali asipotakiwa. Mlolongo mzima wa sayansi niliyoieleza, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya milioni nne, unaanzia kwa mchungaji aliyeona tai wakizunguka.

Na kuna mambo mawili ambayo hayangoji jenomu ya mtu yeyote. Maziwa yakichemka hadi kupanda, bakteria wa kifua kikuu na wa brusela wote wanakufa, wawe wametoka kwa nyati, kwa ng'ombe wa Msukuma au kwa ng'ombe wa ofisa. La pili ni kwako wewe unayepita njia ya Tungamalenga. Ukimkuta mnyama amekufa ghafla, wa kufugwa au wa porini, tumbo limefura na damu inatoka puani bila kuganda, usimchune na usimpasue hata kwa nia ya kujua kilichomuua. Hewa ndiyo inayowapa bakteria wa kimeta nafasi ya kulala ardhini kwako kwa miaka. Usichukue nyama ya kibudu, hata kipande cha mbwa. Mwite ofisa mifugo wa kata au askari wa wanyamapori wa kijiji, na watoto wakae mbali mpaka wafike.